Hati Ipo, Lakini Inasemaje?

Ukipita Chanika, Mbagala au Kigamboni utamsikia dalali akimnadia mteja viwanja kwa maneno mafupi. "Hiki kina hati, mzee." Hatua chache mbele: "Hiki kina ofa." Kile cha kona "kimepimwa tayari", na cha bondeni "karatasi zake ni za serikali ya mtaa, lakini hakina shida." Mteja anaitikia, anauliza bei, anauliza kama nguzo ya umeme iko karibu. Ni nadra kumsikia akiuliza hiyo hati inampa mwenyewe kitu gani, kwa muda gani, na anakimiliki pamoja na nani.

Maswali hayo matatu ndiyo umiliki wenyewe. Nimeyaona yakigawa familia yangu, na mwisho wa makala haya nitaeleza ilivyokuwa. Kwanza tuyafungue.

Tuanze na kitu chenyewe. Tanzania Bara hakuna mtu anayemiliki udongo. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ameikabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Jambo hili halikuanza na Ujamaa. Waingereza waliliweka kwenye sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923, na baada ya uhuru Serikali ikamalizia kwa kuufuta, mwaka 1963, ule umiliki wa milele waliokuwa nao wachache, hasa walowezi na makampuni. Sheria mbili tunazozitumia leo, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilitungwa mwaka 1999 na zikaanza kutumika Mei 2001. Nazo zilishika msimamo uleule.

Unachomiliki, basi, ni haki ya kuikalia na kuitumia ardhi, na ndiyo maana tunasema hakimiliki. Wapo wanaolisikia hili wakaona hawana kitu. Si kweli. Hakimiliki ni mali kamili: inauzwa, inarithiwa, inawekwa rehani, na Serikali ikitaka kuitwaa kwa manufaa ya umma inalazimika kukulipa fidia. Tofauti yake na umiliki wa milele ni kwamba ina muda na ina masharti.

Ichukue hati ya kiwanja cha mjini uisome pole pole. Utakuta namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, ukubwa kwa mita za mraba, na nyuma ramani ndogo yenye namba za bikoni, yaani yale mawe ya mipaka. Kuna mstari unaotaja miaka: 33, 66 au 99. Sheria hairuhusu zaidi ya 99. Kando yake kuna tarehe ya kuanzia, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopitiliza. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1990 ilifika ukomo mwaka 2023. Anayeuziwa leo nyumba ya namna hiyo anauziwa hitaji la kuomba muda upya, na bei anayotajiwa ni ya mtu mwenye muda mkononi.

Chini yake ndiyo masharti: kutumia kiwanja kwa matumizi yaliyoandikwa (makazi ni makazi, usigeuze gereji), kukiendeleza ndani ya muda uliowekwa, kutong'oa bikoni, na kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Ukivunja masharti, Rais anaweza kuibatilisha hakimiliki. Kodi ya pango la ardhi isichanganywe na kodi ya jengo, ile ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa kidogo kidogo unaponunua umeme wa LUKU. Nimewasikia watu wakisema, "Mimi kodi yangu inakatwa kwenye LUKU, niko sawa." Kodi ya jengo umelipa, ndiyo, lakini ya ardhi inaweza kuwa imelala miaka kumi. Tena mpangaji naye hununua umeme, kwa hiyo risiti ya LUKU haithibitishi chochote kuhusu nani ana nyumba.

Sasa turudi kwa dalali. Anaposema "ofa" anamaanisha barua ya toleo: Serikali imekubali kukumilikisha kiwanja, nawe unatakiwa kukubali na kulipa ada zilizoorodheshwa. Ni karatasi yenye nguvu, hasa ukishalipa, ila bado si hati. "Kimepimwa" maana yake mpima amepita, ameweka mawe, na ramani imeidhinishwa au inasubiri kuidhinishwa; upimaji peke yake hausemi mwenye kiwanja ni nani. Karatasi za serikali ya mtaa ni mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri mbele ya mwenyekiti na mashahidi. Unasaidia kuthibitisha kwamba ulinunua, kutoka kwa nani, na majirani walikuwepo. Kama aliyekuuzia hakuwa na haki ya kuuza, muhuri wa mwenyekiti hauwezi kumpa haki hiyo.

Kwenye maeneo yaliyojengwa bila kupimwa ipo pia leseni ya makazi, ambayo Serikali ilianza kuitoa kwa wingi jijini Dar es Salaam miaka ya 2000. Inatambua kwamba wewe unaishi hapo, ni ya muda mfupi, huhuishwa ikiisha, na zipo taasisi za fedha zinazoikubali kwa mkopo mdogo. Ni hatua ya kuelekea kwenye hati. Kuiuza kwa bei ya hati ni kumuumiza mnunuzi.

Kijijini mambo ni mengine, na wala si ya daraja la chini kama wengi wa mjini wanavyodhani. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya mkutano mkuu wa wanakijiji. Mwanakijiji anamiliki kwa hakimiliki ya kimila, ambayo inatambulika kisheria hata kabla haijaandikwa. Ikiandikwa anapewa hati ya hakimiliki ya kimila, na sheria inaipa hadhi sawa na hati ya mjini. Inaweza hata kuwa haina ukomo wa miaka, kitu ambacho hati ya Masaki haina. Sheria hiyohiyo inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya ardhi haina nguvu. Mgeni wa kijiji anayenunua shamba kwa makubaliano ya watu wawili chini ya mwembe, halmashauri ya kijiji isihusishwe, ananunua kesi.

Raia wa kigeni hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na kwa njia chache nyingine zinazotajwa na sheria. Kampuni ambayo hisa zake nyingi ziko mikononi mwa wageni nayo huhesabiwa mgeni. Kwa hiyo jamaa zetu walioko Ulaya na Marekani ambao wamechukua uraia wa huko, kisha wanatuma fedha za kiwanja na kuandika jina lao kwenye hati kana kwamba hakuna kilichobadilika, watafute ushauri wa wakili kabla ya kutuma senti nyingine.

Nimefika penye kiini cha jambo. Watu wengi wakishajua hati ni ya aina gani huangalia jina, wakiona lipo wanaikunja na kuirudisha kabatini. Lakini majina yakiwa mawili au matatu, kuna maneno machache baada yake ambayo ndiyo huamua nani atalala ndani ya nyumba hiyo siku mmoja wao akifariki.

Sheria ya Ardhi inajua namna mbili za watu kumiliki kwa ushirika. Ya kwanza ni umiliki wa pamoja usiogawanyika. Hapa hakuna nusu yako na nusu yangu. Wote mnamiliki kitu kizima. Mmoja akifariki, haki yake haiingii kwenye mirathi, inabaki kwa aliye hai papo hapo. Namna hii, bila ruhusa ya mahakama, ni ya mume na mke tu. Ndugu wawili au marafiki wakiandika kwamba wanamiliki hivyo, sheria itawachukulia kuwa wanamiliki kwa hisa.

Na hiyo ya hisa ndiyo namna ya pili. Kila mmoja ana fungu lake linalohesabika, nusu kwa nusu au robo kwa robo tatu, hata kama hakuna ukuta unaoonyesha fungu la nani linaishia wapi. Akifariki, fungu lake linakwenda kwa warithi wake, si kwa mwenzake. Akitaka kuliuza kwa mtu wa nje, anahitaji ridhaa ya maandishi ya wenzake, nao hawatakiwi kuikatalia bila sababu ya msingi. Wakishindwana kabisa, wanaweza kuomba mali igawanywe, na isipogawanyika, iuzwe wagawane fedha.

Je, kama jina ni moja, la mume? Wengi hudhani hapo hakuna mjadala. Kifungu cha 161 cha sheria hiyo kinasema tofauti. Mwanandoa anapopata ardhi kwa ajili ya matumizi ya wote wawili, dhana ya sheria ni kwamba wanaimiliki kwa hisa, isipokuwa hati iseme wazi vinginevyo au dhana hiyo ipinduliwe kwa ushahidi. Hata pale hati inapomtaja mmoja tu, mwenzake aliyechangia kwa kazi yake katika kuizalisha, kuitunza au kuiendeleza anapata haki ndani yake. Kabla ya hapo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilishapiga marufuku kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri ambalo kila mwanafunzi wa sheria nchini hulisoma, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ndiyo sababu benki haitoi mkopo wa nyumba mpaka mke au mume aje kutia saini, na asiye na ndoa aape kiapo kwamba hana. Watu hulalamika kwamba huo ni usumbufu. Mimi nauona kama ukuta mmoja kati ya chache zilizosimama kati ya akina mama wengi na barabara.

Lakini haki isiyoandikwa ni haki ya kuthibitisha, na kuthibitisha kunachosha. Hebu tazama hesabu. Mume Muislamu anafariki, wazazi wake walishatangulia, anaacha mke mmoja na watoto. Kwa mirathi ya Kiislamu mke mwenye watoto anapata moja ya nane. Nyumba ikiwa ya mume peke yake, fungu la mke ni sehemu 2 kati ya 16. Ikiwa waliimiliki kwa hisa nusu kwa nusu, nusu ni yake tangu hapo, yaani sehemu 8, na katika nusu ya marehemu anarithi moja ya nane, yaani sehemu 1 zaidi: jumla 9 kati ya 16. Ikiwa iliandikwa umiliki wa pamoja usiogawanyika, nyumba nzima ni yake, 16 kati ya 16. Nyumba ni ileile, na watu ni walewale. (Muislamu anayefikiria njia hii ya mwisho ajue kwamba inaitoa nyumba nje ya mafungu ya mirathi, azungumze kwanza na mwanazuoni anayemwamini.) Anayerithiwa kwa sheria ya Kiserikali iliyotoka India, kama ilivyo kwa Wakristo wengi, mjane mwenye watoto hupata theluthi moja ya mali ya marehemu, hivyo tarakimu zinabadilika ila pengo bado lipo.

Zipo namna nyingine za kushika mali ambazo nitazipitia haraka. Kampuni ikimiliki nyumba, wewe mwenye kampuni unamiliki hisa za kampuni, nyumba si yako, na ukifa kinachorithiwa ni hisa. Misikiti, makanisa na vyama humiliki kupitia wadhamini waliosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na hapa ningesihi sana viongozi wa dini. Kuna nyumba nyingi za ibada zilizoanza kwenye kiwanja alichokitoa mzee mmoja kwa mdomo, hati ikabaki na jina lake, mzee akafariki, na wajukuu ambao hawakuisikia ahadi ile wakaja na karatasi. Hamisheni jina wakati mtoaji yu hai.

Ghorofani kuna hati pacha, iliyoletwa na sheria ya mwaka 2008. Jengo lina hati mama. Kila nyumba ndani yake inapata hati yake, na kila hati inabeba fungu katika vitu vya wote: ngazi, paa, lifti, tangi la maji, maegesho. Fungu hilo haliwezi kutenganishwa na nyumba, na kwa ajili yake wenye nyumba huunda chama cha kusimamia jengo na kuchangia. Anayenunua ghorofani aulize swali moja kabla ya yote: hati mama imeshagawanywa? Kama bado, na mjenzi ameiweka rehani benki, funguo unazopewa ni za mlango tu.

Ukivuka mpaka, pale Mombasa, kuna kitu ambacho msomaji wa Bara anaweza kukishangaa: nyumba bila ardhi. Katika mitaa kama Majengo na Kisauni familia zimejenga na kurithishana nyumba juu ya ardhi ya mtu mwingine, zikimlipa kodi ya ardhi. Kuta na paa ni zako, chini si kwako. Sheria yetu kwa kawaida huhesabu kilichojengwa kwenye ardhi kuwa sehemu ya ardhi, ila mwambao una kumbukumbu ndefu ya kuvitenganisha. Hata Unguja na Pemba mtu aliweza kumiliki minazi au mikarafuu iliyosimama kwenye ardhi isiyo yake. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na hati ya Bara usiisome kwa macho ya huko.

Hayo yote hayana faida usipoyathibitisha. Hati anayokuonyesha muuzaji ni nakala. Ukweli uko kwenye daftari la Msajili wa Hati. Unaomba upekuzi rasmi, unalipa ada, unapewa majibu: jina lililosajiliwa, rehani, zuio kama lipo. Na mauziano hayahamishi haki mpaka yasajiliwe. Mpaka siku hiyo ulichonacho ni mkataba na matumaini.

Sasa nyumba yetu. Baba mkubwa alifariki akiacha nyumba Temeke, mke, vijana wawili na mabinti wawili. Hati ilikuwa na jina lake peke yake. Mama mkubwa alikuwa ameuza vitumbua na chai alfajiri kwa zaidi ya miaka ishirini, na vyumba vitatu vya uani, vile vya kupangisha, vilijengwa kwa fedha hizo. Hilo kila mtu alilijua. Hapakuwa na mstari mmoja uliolisema.

Kijana mkubwa aliteuliwa msimamizi wa mirathi na mahakama ya mwanzo, jina lake likaingizwa kwenye hati, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Akajiona mwenye nyumba. Lilipoandikwa jina lake lilifuatwa na maneno kwamba ni msimamizi wa mirathi ya marehemu, na maneno hayo yana uzito: msimamizi ni mbebaji. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa na kurudisha hesabu mahakamani. Akiuza nyumba akatia fedha mfukoni, amevunja amana. Mwaka mzima ulipita tukilielezana hili, na kwa muda ndugu hawakuwa wakisalimiana.

Kilichotuokoa ni daftari. Mama mkubwa alikuwa na kaunta buku lenye jalada jekundu, ambalo binti yake alimwandikia tangu yuko darasa la tano: unga, mafuta, kuni, faida ya wiki, halafu kurasa za tofali, mifuko ya saruji, bati, fundi. Penseli imefifia ila inasomeka. Liliwekwa mezani kwenye kikao, mjomba akalisoma kwa sauti ukurasa baada ya ukurasa, na alipofika kwenye bati za chumba cha pili yule kijana akasema, "Inatosha, mjomba. Mama, nusu ni yako."

Wakaandika makubaliano, yakapelekwa mahakamani, kisha kwa Msajili. Nusu ya mama ikatengwa kwanza. Nusu ya marehemu ikagawanywa kwa mafungu, mama moja ya nane, kijana fungu mara mbili ya binti. Ili kila fungu litoke zima ilibidi nyumba ihesabiwe kwa sehemu tisini na sita. Vijana 14 kila mmoja, mabinti 7 kila mmoja. Kwenye hati jina la mama mkubwa ni la kwanza, na mbele yake pameandikwa 54/96.